Baba Kabula Hashindwi

Jumatatu, 12 Juni 1995. Kisesa

Nimerudi kutoka mjini na hasira, hata chakula sikigusi. Josephat mwenye mashine ya kuchapa vitabu amekataa kitabu changu. Hana karatasi! Siku hizi vyama vimezaliwa kama vifaranga, na kila anayetaka ubunge anataka uso wake kwenye kila mti. Karatasi iliyobaki inatosha kitabu kimoja tu cha watoto, na mezani kwake viko viwili. Vyote viwili eti ni Kitabu cha Pili cha Kabula.

Hicho kingine ni cha Paskazia! Mwalimu wa darasa la nne, hapa hapa Kisesa. Sawa, Kitabu cha Kwanza tulikitoa pamoja. Yeye alitunga habari za binti Kabula anayeshuka chini ya ziwa pamoja na chatu anayesema, mpaka mlango wa jiwe unamfungia huko. Mimi nilipiga taipu. Sasa kazi kubwa ilikuwa ya nani? Taipureta ni yangu. Nilitoka nayo kiwanda cha pamba siku waliyokibinafsisha wakatupunguza makarani wote.

Tangu kitabu kile kitoke, hakuna mtoto anayeniita karani aliyepunguzwa. Wananiita Baba Kabula. Jina hilo simwachii mtu, hata kwa dawa!

Josephat ni Mgika wa damu, mtu wa kundi la ngoma la Bagika. Amesema tuamue kama ngoma za Bujora wiki hii: Bagika huku, wapinzani wao Bagalu kule, wanacheza kwa wakati mmoja, na wenye watu wengi ndio washindi. Jumamosi, kiwanja cha soko, mimi na Paskazia tusome kwa pamoja. Atakayejaza watoto, kitabu chake kinapata karatasi. Nimekubali kabla hajafunga mdomo.

Jumanne, 13 Juni

Nimemsomea Suzana, mke wangu, akichambua dagaa. Katika kitabu changu Jemadari Malimi, mwanamume wa makamo, mwenye akili nyingi na masharubu, anakwenda kumwokoa Kabula. (Malimi ni mimi pia. Majina hugongana.) Suzana akauliza Kabula mwenyewe anatokea lini. Nikamwambia sura ya tisa. Akauliza anasema nini akitokea. Nikamwambia anasema asante.

Suzana akarudia dagaa wake. Wivu tu.

Jumatano, 14 Juni

Akili ni mali! Kwenye ngoma, nani hujaza watu? Mwenye nyoka. Nimemwendea Shimba, yule anayecheza na chatu shingoni. Nimemwomba asimame kando yangu Jumamosi, basi. Alitaka jogoo kwa ajili ya chatu wake. Jogoo ninaye. Yaani Suzana anaye.

Jioni Suzana ameuliza jogoo yuko wapi. Nimemwambia kipanga. Akasema kipanga gani anabeba jogoo mkubwa vile. Nikamwambia dunia imebadilika, mama.

Alhamisi, 15 Juni

Nimevuka ziwa kwenda Kamanga kwa mganga. Dawa ya mvuto! Usinicheke, shajara. Kila kiongozi wa ngoma anayo. Sharti ni moja: izikwe pale nitakaposimama.

Ijumaa, 16 Juni

Nimeizika saa nane mchana, jua kali, kiwanja kitupu. Upande wa bomba la maji. Bernadeta muuza nyanya akapita na kuuliza natafuta nini chini. Kifungo, nikasema. Akainama kunisaidia! Nusu saa nzima tumetafuta kifungo. Imebidi nikate kimoja cha shati langu ili kipatikane.

Jumamosi, 17 Juni

Naandika nikikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Si kwa woga. Kwa hasira!

Paskazia amekuja na daftari tu. Hana ngoma, hana kitu. Nikajisemea leo ni leo. Akaja mpaka nilipo, akapiga goti kidogo, shikamoo mzee. Mzee! Namzidi miaka kumi na mitatu tu. Kisha akasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba mtu mzima kama mimi haachwi juani. Mimi nikae kule kivulini, kwenye ukuta wa maduka. Yeye na jua watapatana.

Watu wakampigia makofi kwa adabu yake. Ningesema nini? Kwamba nataka jua? Nimehamia kivulini. Yeye akasimama palepale juu ya dawa yangu.

Hata hivyo mwanzoni watoto wote walikuja kwangu! Wote! Shimba na chatu, mimi na karatasi zangu. Nikasoma kwa sauti ya jemadari. Nilipofika masharubu yanapochanwa, katoto Gladness, kasikokuwa na meno ya mbele, kakauliza Kabula yuko wapi. Nikakaambia kawe na subira.

Ndipo Shimba, bila kuombwa, akaanza kumsifu chatu wake na chakula alichokula. Jogoo mwekundu wa Mzee Malimi, akasema, mwenye kidole kilichopinda. Suzana alikuwa mstari wa mbele. Alisimama, akabeba kigoda chake, akavuka kwenda kwa Paskazia. Hakunitazama.

Halafu Shimba akasema chatu anahisi baridi, anataka jua. Uongo! Nilimwona alivyotega sikio. Kule kwa Paskazia, Kabula alikuwa anaugonga mlango wa jiwe kwa ngumi zake mwenyewe. Shimba akaondoka, chatu shingoni, na kiwanja kizima nyuma yake. Nikabaki na mbuzi wa mtu.

Nikaenda. Kukagua makosa tu! Nikasimama nyuma kabisa. Kabula anasukuma, maji yamefika kiunoni, mlango umetikisika. Yule binti nimempiga taipu mimi, herufi kwa herufi, wala sikujua ana nguvu hivyo. Mlango ukaachia upenyo wa kidole, na Paskazia akafunga daftari!

Mtu mmoja akapiga kelele: Endelea, mwalimu, tafadhali! Wanasema ni mimi. Sikumbuki.

Jumapili, 18 Juni

Njiani kutoka kanisani watoto wameniamkia: Shikamoo, Babu Chatu! Nimeitikia marahaba huku nauma meno.

Mchana Paskazia amekuja nyumbani. Sikumkaribisha. Suzana amemkaribisha, na kigoda akampa. Kasema Josephat anataka kitabu kilichopigwa taipu, na Kisesa nzima taipureta ni moja. Kasema majina yetu yatakaa mawili juu ya jalada, herufi sawa. Kasema watoto wanamuulizia Baba Kabula, mbona jana aliondoka bila kuaga.

Nimeifuta taipureta vumbi kwanza, taratibu, ili ajue sikushindwa. Jogoo, kivuli na mganga, hao ndio wameniangusha. Kisha nimekubali. Neno kwa neno, nimemwahidi, sitaongeza hata nukta.

Ameondoka akishukuru. Ukurasa wa kwanza tayari uko kwenye taipureta. Kabula anagonga mlango wa jiwe. Anagonga tena. Na upande wa pili, nani anamsikia? Mwanamume wa makamo, mwenye akili nyingi na masharubu.