Ngozi Yangu Ina Haraka

Jumatatu, 6 Machi 1978
Dorcus mjukuu wangu, andika vile nasema. Usinitengenezee Kiswahili.

Leo nimeenda hospitali. Daktari ameuliza haya magamba yalianza lini. Nikamwambia ni mwaka ule Bogonko alikufa, Bogonko mume wangu, mtu wa maneno mingi kuliko mimi. Daktari hakutaka habari ya Bogonko. Amesema ngozi ya watu inachukua mwezi kukua na kuanguka. Yangu siku nne, tano. Ina haraka, inazaliwa juu ya ingine mpaka inarundikana. Ati kuna dawa ya kupaka, inafanya ngozi isikie mwanga. Halafu unakaa kwa taa dakika chache, mwanga unaiambia ipunguze mwendo. Lakini ukipaka, usiguse jua, hata kesho yake. Nikauliza kama naambukiza watu. Hata kidogo.

Phelis angekuwa hapo asikie. Tumechuma chai mstari mmoja miaka kumi na mbili, tukila ugali sahani moja. Sasa ananipakulia yangu kando, kwa bakuli ya bati. Anasema ni heshima. Heshima gani hiyo ya kula ukiangalia ukuta?

Jumatano, 8 Machi
Mwenye kuwasha taa ni Mogaka. Mkwe wangu, bwana ya binti yangu Gesare! Kwetu Kisii mkwe haoni hata goti yangu. Yeye mwenyewe aliangalia dari kama mtu anahesabu mabati. Akasema, mama, mwanga haupiti nguo. Nikamwambia hiyo ni taa ya hospitali, si koroboi, itapita. Akasema basi aite sista. Huyo sista ni mdomo, nikakataa. Nimekaa na gauni, petikoti na sweta. Mikono tu ndiyo ilikuwa nje.

Jumatano, 29 Machi
Mikono imekuwa laini kama ya karani. Kwingine ni vile vile, sikusema kwingine. Nimesalimia watu wa laini yote, nyumba zote za wachuma chai, hata wenye tumekosana. Phelis ameushika mkono, akaugeuzageuza kama mtu ananunua nyanya. Akasema Jumapili nije tule. Sahani moja. Nikajifanya nina kazi mingi, halafu nikakubali.

Alhamisi, 30 Machi
Nimefikiria. Kama dakika chache imefanya hivi, masaa je? Na jua ni taa kubwa, haina mkwe. Jana Mogaka akiangalia dari, dawa iliingia kwa kikapu yangu. Leo nimepaka mikono mara mbili, nikaiweka juani nyuma ya nyumba kutoka saa tano mpaka king'ora ya kiwanda ikalia saa nane. Nataka Jumapili ing'ae.

Jumapili, 2 Aprili
Mikono imefura. Malengelenge kama mahindi ya kuchemsha.

Nimeificha ndani ya leso, nikaenda. Phelis alikuwa ameweka sahani moja katikati, ugali ya wimbi, na maji ya kunawa. Nikasema nimeshiba, nimekula kwangu. Phelis aliweka maji chini. Halafu akasema, kumbe Elmina ulikuwa unangoja nikukaribishe ndiyo na wewe unikatae. Akaita Loice wa mlango wa pili. Wamekula nikiwaangalia. Loice anakula haraka sana.

Nimerudi na njaa. Kufungua mlango ilinishinda, nikausukuma na kiwiko.

Jumatatu, 3 Aprili
Daktari ameuliza nani alinipatia dawa. Mogaka akaangalia dari. Nikasema ilianguka kwa kikapu. Daktari ameichukua, akafunga mikono na bendeji, ati taa ni mpaka nipone.

Dorcus anasema niende nimwonyeshe Phelis bendeji, ni milango nne tu. Hapana. Phelis ataniona nikiwa nimepona mwili mzima, na ataomba msamaha yeye.

Sasa ni miguu. Hiyo haijawahi kuona mwanga. Dorcus, weka kalamu chini, uje unipake, mimi siwezi kushika. Daktari alichukua chupa moja. Hakuuliza kama zilikuwa mbili.