Jina Langu Litang'aa Kabla ya Mvua

Jumatatu, 4 Novemba

Siku mbaya. Mbaya kabisa! Kikundi chetu cha wakulima wa Lumemo kimeomba mkopo wa pawatila, lile trekta dogo la mkono, benki ikachunguza jina la kila mwanachama, majina yote yamerudi safi isipokuwa moja. Langu! Mimi Leodegar, dalali wa mpunga ninayejulikana kuanzia Kiberege hadi Lupiro! Mwenyekiti wetu, mama Balbina, ameyasoma matokeo mbele ya watu wote, taratibu, kama anayesoma tangazo la ndoa kanisani. Akasema benki haitoi mkopo maadamu mimi nimo. Nimepewa mpaka mkutano wa tarehe 30 niwe nimesafisha jina. Nikishindwa, nafasi yangu anapewa Mashimba.

Mashimba! Msukuma aliyehamia juzi juzi na ng'ombe wake, hata mitaro ya Lumemo hajamaliza kuijua. Tukitoka akanishika mkono, akanipa pole. Pole yake imeniuma kuliko matokeo.

Bila pawatila tutalima kwa jembe la mkono tena. Shamba lenyewe ni la Dorotea, mke wangu, alirithi kwa mama yake. Mwaka jana mvua ilitukuta tumelima nusu, na mgongo wake mpaka leo haujapona. Nilikusudia kumwambia yote. Alipouliza kuhusu mkutano nikasema umeahirishwa kwa sababu ya mtandao.

Jumanne, 5 Novemba

Benki. Afisa mikopo ni binti anaitwa Ursula. Ameniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akanivua nguo kwa kompyuta. Mikopo yangu ya simu yote imo! Hata ule wa laini niliyoitupa mtoni. Miaka yote nimeamini laini ikizama na deni linazama. Kumbe laini zote zimesajiliwa kwa kidole kimoja. Nina vidole kumi. Ningejua ningevigawa.

Nikamuuliza jina chafu linasafishwaje. Akasema kwanza nimalize hayo madeni madogo, halafu kuna kadi ya mkopo: naweka akiba yangu benki kama dhamana, napewa kadi, nanunua vitu vidogo vidogo, nalipa kabla ya tarehe, na jina linapanda polepole. Akarudia kwamba nisitumie zaidi ya theluthi. Nikauliza inachukua muda gani. Akasema mwaka, pengine zaidi.

Mwaka! Mtoto wa benki huyu, hajui biashara. Kama matumizi madogo yanapandisha jina kwa mwaka, matumizi makubwa yatalipandisha kwa wiki mbili. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne. Nimeuza baiskeli na redio. Madeni ya simu nimeyamaliza, kilichobaki nimeweka dhamana. Dorotea ameuliza baiskeli iko wapi. Nimesema kwa fundi.

Jumatatu, 11 Novemba

Kadi imetoka! Ya buluu, jina langu limechongwa kwa herufi zilizoinuka. Nimelipapasa njia nzima kutoka benki. Watu wakaniangalia. Waangalie!

Nikaenda moja kwa moja sokoni kwa mama muuza kambale, nikachagua wawili wanene, nikatoa kadi. Akaigeuza mbele na nyuma. Akauliza kama ni ya bima au ya kliniki ya wajawazito. Nikamweleza kwamba ndani yake mna hela. Akaitikisa sikioni. Akasema hela yangu italala humo humo na kambale wake watalala kwenye ndoo, kila kimoja kwao.

Muuza mkaa, hapana. Kinyozi, hapana. Mama wa vitumbua amecheka mpaka akaunguza vitumbua vyake, kisha akataka nivilipie. Nimelipa taslimu.

Jumatano, 13 Novemba

Hatimaye! Kituo cha mafuta pale barabara kuu kina mashine ya kadi. Ilikuwa kabatini. Wameifuta vumbi kwa ajili yangu, na mhudumu alilazimika kumwita meneja amkumbushe inavyowashwa.

Tatizo: mimi sina chombo cha kutia mafuta. Hata baiskeli sina.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Bodaboda wote wa Ifakara wanatia mafuta. Mimi nalipa kwa kadi, wao wananipa taslimu, taslimu naipeleka benki. Benki inaona Leodegar anatumia, Leodegar analipa. Jina linapaa! Nimejipongeza kwa soda. Taslimu.

Ijumaa, 15 Novemba

Ushindi! Asubuhi bodaboda walisita, wakadhani ni mtego wa polisi. Nikatangaza kwamba atakayetia kwa kadi yangu nampunguzia kidogo kila lita. Wakaja kama siafu! Walitoka mpaka Kiberege. Mmoja alileta dumu. Mwingine akauliza kama kesho naweza kulipia na matairi.

Kufikia mchana mashine ilikataa. Nikasema mtandao. Meneja akasema si mtandao, kadi imefika mwisho. Kadi nzima kwa asubuhi moja! Ursula alisema theluthi. Yeye hajui kazi ya mikono hii.

Lile punguzo limenikata kidogo, lakini mfuko wa shati umevimba. Jumatatu napeleka zote benki. Leo Mashimba amepita na ng'ombe wake, akaniona katikati ya pikipiki kama mkuu wa wilaya. Akapunga mkono. Sikupunga.

Jumapili, 17 Novemba

Mjomba Nikodemu wa Kiberege amefariki. Mungu amlaze pema. Mazishi ni kesho. Benki itasubiri hadi Jumanne. Hela naziacha mfukoni, Dorotea asije akazikuta akauliza.

Jumanne, 19 Novemba

Sina nguvu ya kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Mimi ni mpwa wa marehemu, kwa hiyo nilikaa mbele. Ilipofika zamu ya rambirambi, mwandishi akaniuliza naandikisha ngapi. Niseme nini? Hela za mfukoni ni za benki. Nikatoa kadi. Nikasema, kwa sauti, na sasa naona sauti ilizidi, kwamba sisi wa mambo ya benki hatutembei na taslimu siku hizi, hela zetu zimo humu, nitatuma kesho.

Sikumwona Lukelo nyuma yangu. Lukelo ni mtani wetu, kiongozi wa watani wote wa ukoo. Msibani mtani ana ruhusa. Anaweza kuvaa koti la marehemu akaiga kikohozi chake, anaweza kumnyang'anya mjane kijiko, na akichukua kitu chako hununi wala hupigani. Unakomboa. Hayo nayajua tangu utotoni, nami nimechezea watu misibani kwao vizuri tu. Jana akaninyakulia kadi mimi. Kadi imetoka!

Kwanza akaizungusha kwa waombolezaji kama sinia la karanga. Kila mtu akaipapasa. Kisha tulipofika makaburini, kabla jeneza halijashushwa, Lukelo akaruka kaburini, akalala chali, kadi kifuani. Akatangaza kwamba marehemu alikuwa na madeni kila duka la Kiberege, na huko aendako hajulikani, hakuna wa kumkopesha, kwa hiyo mpwa wake Leodegar, mtu wa mambo ya benki, amempa kadi yake. Aende nayo. Watani wakapiga vigelegele. Padri akageuka kuangalia miti, mabega yanamtikisika.

Nikasema nirudishiwe. Akasema nikomboe. Nikasema nitatuma kesho. Akasema kaburi halina simu. Na akaanza kujifukia! Kadi inamezwa na udongo, herufi za jina langu moja baada ya nyingine. Watu jua linawachoma, jeneza linasubiri, mjomba anasubiri, shangazi ananitazama.

Nikaingiza mkono mfukoni. Nikatoa noti mbili. Lakini bunda lilikuwa limekaza, likatoka lote!

Kilichofuata ni kicheko ambacho sijapata kukisikia kwenye mazishi. Mtu asiyetembea na taslimu! Mjane mwenyewe alifuta machozi kwa upande mwingine wa khanga. Lukelo akasema bei ya kukomboa ni kilichopo mkononi, na watu wote wakasema ndiyo. Nikampa. Zote. Kukataa mbele ya jeneza ningekuwa nimejizika mwenyewe.

Watani wamekunywa sehemu yao, nyingi wamempa mjane. Sifa nimepata. Wanasema hakuna mpwa aliyewahi kukomboa kwa ukarimu namna ile.

Jumatano, 20 Novemba

Benki tena. Nimemweleza Ursula nilivyoiokoa kadi. Akasema kadi ikipotea benki inatoa nyingine kwa bei ya kuku. Tena kuku mdogo.

Akasema pia deni linatakiwa tarehe 29, na kwamba kwa kuimaliza kadi kwa asubuhi moja nimeonekana kama mtu aliyekimbiwa na kila kitu. Jina limeshuka chini ya lilipokuwa. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa hongera. Nikauliza kama si mtandao.

Jumamosi, 23 Novemba

Habari njema moja! Mashimba naye alikwenda benki kuchunguzwa. Wamemwambia hana jina baya wala zuri. Hayumo! Hajawahi kukopa maishani, kompyuta haimjui. Nikaenda kwake makusudi kumpa pole. Alikuwa anakunywa maziwa. Akasema asante, lakini kwa kweli hakuona hasara, kwa sababu akitaka kitu anauza dume. Akanimiminia maziwa. Nilikunywa, yalikuwa mazuri, jambo lililoniudhi zaidi.

Wingu limeanza kusimama upande wa milimani. Wote waliotuzunguka wameshaanza kulima. Dorotea amelichukua jembe kulinoa. Nikamwambia asubiri, pawatila inakuja. Akaendelea kunoa.

Alhamisi, 28 Novemba

Anajua. Anajua yote!

Si mimi niliyemwambia. Bodaboda alimpandisha kutoka sokoni akakataa nauli. Akamshukuru kwa mafuta ya bei nafuu ya mume wake, akauliza kadi itajaa tena lini. Mengine alikusanya mwenyewe: kwa mama Balbina, kwa mama wa kambale, na kwa fundi baiskeli ambaye hajaiona baiskeli yangu tangu mwaka juzi.

Nilitegemea matusi. Hakutukana. Alikaa kwenye kigoda akashika mgongo, akasema shamba lile mama yake alilichimbua kwenye matete peke yake, na hakumkopa mtu hata chumvi. Nikaona aibu. Naandika kwa sababu ni kweli: niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mchana hakukuwa na sauti ya bata wake uani. Amewauza wote, na zile khanga mbili mpya alizoziweka kwa ajili ya kipaimara cha binti yetu Ester. Akaenda benki mwenyewe, kadi yangu mkononi, deni likalipwa siku moja kabla ya tarehe. Ursula akaikata kadi kwa mkasi. Dorotea ameniletea vipande. Nimevihifadhi.

Jumamosi, 30 Novemba

Mkutano. Mama Balbina akauliza jina langu limefikia wapi. Nilikuwa na hotuba. Dorotea akasimama kabla yangu, akasema shamba ni lake na nafasi iwe yake. Jina lake limekwisha kuchunguzwa, ni safi kabisa. Wakampigia makofi. Mashimba alipiga kwa nguvu kuliko wote, kisha akajitolea kutulimia robo eka kwa ng'ombe wake wakati tunasubiri mashine. Bure! Mtu huyu hana mwisho wa uchokozi.

Wamemfanya Dorotea mweka hazina pia. Marejesho ya kikundi yatakusanywa kwenye simu yake. Mimi nimepewa kazi ya kutunza dumu la dizeli, lakini ufunguo wa stoo anao mama Balbina.

Jumamosi, 7 Desemba

Pawatila imefika! Nyekundu. Mvua ya kwanza imenyesha usiku, udongo umelainika, na Dorotea yuko shambani tangu asubuhi anajifunza kuiendesha. Namsikia kutoka hapa uani. Anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu kabla ya mgongo.

Nami nimekaa nawaza. Ursula alimwambia Dorotea kwamba jina lake ni zuri, angeweza kukopa hata sasa hivi kwa simu. Yeye akasema hataki. Hataki! Jina safi lisilokopewa ni shamba lililoachwa magugu. Ningechukua kidogo tu, theluthi, nimejifunza. Ningenunua bata, ningewauza Krismasi, ningerudisha kabla hajajua, na jina lake lingepanda zaidi. Hata khanga ningemrudishia.

Simu yake iko mezani, inachaji. Namba ya siri ya hela za simu haiwezi kunishinda, huyu ni mke wangu. Nimejaribu mwaka wa harusi yetu. Siyo. Nimejaribu mwaka aliozaliwa Ester. Siyo. Nikawaza sana, nikajaribu mwaka niliozaliwa mimi.

Imefunga. Imeandika kwamba akaunti imezuiwa. Marejesho ya kwanza ya kikundi yamo humo, na Jumatatu yanatakiwa benki.

Mlio wa pawatila unakuja upande huu. Nimeirudisha simu kwenye chaja, kioo chini, kama nilivyoikuta. Akiuliza, nitasema mtandao.