Nani Anarudisha Nguzo?

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Bosi wetu Josphat ametangaza mbele ya ofisi nzima: Ijumaa, kwenye mkutano na mwenye jengo, atachagua msimamizi wa ujenzi wa Katelembo. Mmoja tu. Ni mimi au ni Mutindi. Msimamizi huvaa helmeti nyeupe. Mimi miaka minne nimekuwa nikikunja ramani na kutembeza barua Machakos nzima. Nyeupe itanikaa vizuri sana.

Jengo lenyewe ni la Madam Hafso, yule mama wa biashara ya mbuzi na ngamia. Anataka ukumbi wa harusi chini na vyumba vya wageni juu. Mutindi amelichora lote ndani ya kompyuta, kila mlango, kila dirisha, kila bomba. Karatasi zimepitwa na wakati. Sasa ni modeli. Leo ameniwekea programu ya kuifungua na kuizungusha, kisha akaanza kunifundisha. Woi! Huyo dada anaeleza polepole mpaka usingizi unakuja. Alikuwa anasema jambo fulani kuhusu "kutazama tu" nikasikia mandazi yamefika chini. Nikatoka. Niliporudi akauliza kama nimeelewa. Nikamjibu kwamba nilielewa zamani.

Baada ya saa moja: nimelizungusha jengo lote miguu juu! Nimeingia ndani kwa dirisha la choo! Nimebofya mlango, ukaniambia upana wake, urefu wake na aina ya mbao. Mlango wenyewe! Nimebofya milango yote arobaini na mmoja. Sikwenda lunchi.

Nimempigia Mwaitu, mama yangu, simu huko Masii, nikamwambia mwanawe Bartholomew karibu atakuwa msimamizi. Lile neno "karibu" nililisema kwa sauti ndogo.

Jumanne, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Madam Hafso amekuja bila miadi. Mutindi alikuwa Kathiani kupima shamba la watu. Bosi alikuwa kwenye simu. Nani amebaki? Nikamvutia kiti, nikafungua modeli, nikamtembeza. Tukaingia ukumbini. Akauliza zile nguzo nane katikati ni za nini. Akasema kwenye harusi kila mama anataka kumwona bibi harusi kutoka pale alipoketi, na yeye hataki dada yake asafiri kutoka Garissa aje kutazama simiti.

Nikamwomba dakika moja. Sikujua nitaifanyia nini hiyo dakika. Nikabofya nguzo ya kwanza kwa kitufe cha kulia. Orodha ikafunguka, na katikati yake neno moja: Ficha. Nikalibonyeza.

Nguzo ikatoweka!

Ya pili, kwisha. Ya tatu, kwisha! Zote nane nimeziondoa kabla chai yake haijapoa. Ukumbi mweupe, mpana, unaweza kucheza mpira ndani. Madam Hafso akapiga makofi. Akasema miezi miwili Mutindi amekuwa akimwambia haiwezekani. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba inategemea umemuuliza nani.

Alipokuwa akitoka aliniita injinia. Mimi! Injinia! Nimeliandika mara mbili ili likae.

Jioni nimenunua helmeti nyeupe kwa duka la vifaa. Mwenye duka aliuliza niko saiti gani. Nikamwambia asubiri Ijumaa. Nimeivaa mpaka nyumbani, na watu wawili wamenisalimia ambao sijawahi kuwajua.

Jumatano, 11 Juni

Hujuma!

Nimefungua modeli asubuhi. Nguzo zote nane zimesimama pale pale. Nimezihesabu kwa kidole. Nane.

Ni nani? Ni nani mwingine! Mutindi alikuwa ameketi dirishani anakunywa uji, uso mtulivu kabisa. Nikamuuliza kwa mzunguko kama ameigusa modeli. Akasema hajaigusa tangu wiki jana. Bila kupepesa jicho! Halafu ati ni mwalimu wa Sunday school.

Sikubishana. Nikazificha tena, moja baada ya nyingine. Saa sita stima ikapotea. Iliporudi, nikafungua: nane! Kwa hivyo hata stima amepanga nayo. Mtu huyu si wa kuchezea.

Basi nami nikaamua kuwa na akili. Nilipeleka vita mbele yake, huko saiti, ambako kompyuta haifiki. Nimempigia Musau, fundi mkuu wa Katelembo. Akasema mashimo ya nguzo yote yamechimbwa tayari, hata yale manane ya katikati. Nikamwambia hayo manane ayafukie. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ninaongea nikiwa nimevaa helmeti nyeupe. Akasema yeye ni mtu wa kuambiwa tu, lakini jina langu ataliandika ukutani kwa chaki. Vizuri. Liandikwe!

Kabla ya kufunga ofisi nimezificha nguzo mara ya tatu. Kisha nimenyunyiza unga wa mahindi juu ya vitufe vyote. Mwembamba, hauonekani. Kesho nitaona alama za vidole, na kesho kutwa Mutindi atakuwa anatafuta kazi Athi River.

Alhamisi, 12 Juni

Unga haujaguswa. Nguzo zimerudi.

Nimekaa nikiutazama huo unga mpaka macho yakauma. Hakuna hata alama ya mdudu. Mtu amerudisha nguzo nane za simiti bila kugusa kitufe! Kisha nikaelewa. Mtandao! Anazirudisha kwa simu yake, akiwa ameketi pale pale na uji wake.

Nimeenda nyuma ya kabati na kuchomoa waya. Ofisi yote ikakosa intaneti. Kumbe bosi alikuwa katikati ya kutuma zabuni aliyoiandaa wiki tatu. Alipiga kelele zikasikika barabarani. Nami nikasaidia kutafuta tatizo. Nilipanda hata juu ya meza kukagua dari. Baada ya saa mbili nikaurudisha waya bila kuonekana, na bosi akanishukuru kwa bidii.

Nikafungua modeli. Nane.

Nikatia faili kwenye flashi, nikaiweka flashi ndani ya soksi, nikashuka hadi saiba, lile duka la intaneti la mtaa wa pili. Nikawaomba waniwekee ile programu. Nikafungua huku nimefumba jicho moja. Aiii! Nane! Mutindi amefika hadi saiba! Hapo ndipo nilianza kuwaza habari za kamuti, ule uchawi wa Ukambani. Nyanya yake, nasikia, ni wa kule Kitui ndani. Sitaki kusema mengi, lakini nimeitoa flashi kwenye soksi na kunawa mikono.

Alasiri Mutindi akaja mezani kwangu. Akasema ananiona nasumbuka na ile programu, na kama nataka atanionyesha, ni dakika kumi tu. Unafiki gani huo! Nikamwambia asijisumbue, mimi na programu tunaelewana. Akatazama vitufe vyangu na kuuliza kama nimekuwa nikila ugali hapo.

Musau amepiga simu: mashimo matano yamefukiwa, udongo mgumu, jembe moja limevunjika. Kesho anamaliza.

Mpango wa mwisho: kesho nitazificha asubuhi na mapema, na sitaizima kompyuta wala kuifunga wala kupepesa macho mpaka Madam Hafso aketi.

Mwaitu amepiga pia. Ametangaza kanisani. Mchungaji atanitaja Jumapili kwa jina. Sasa lazima nishinde. Hakuna njia nyingine, jina limeshatoka.

Ijumaa, 13 Juni

Nitaandika yote, hata yanayouma.

Niliibeba kompyuta ikiwa wazi, kwa mikono miwili, kutoka mezani hadi chumba cha mkutano, taratibu kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Nguzo hakuna! Madam Hafso ndani, bosi ndani, Mutindi ndani. Helmeti yangu chini ya kiti, tayari kuvaliwa.

Bosi akasema nisihangaike na waya, faili iko kwenye kompyuta yake na hiyo ndiyo imeunganishwa na projekta. Kabla sijafungua mdomo, amebofya. Ukuta mzima ukajaa ukumbi. Na katikati, kila moja kubwa kuliko mimi, nane.

Madam Hafso akakunja uso. Akasema yeye alionyeshwa ukumbi mtupu.

Nikasimama. Nikamnyooshea Mutindi kidole. Nikawaambia huyu ndiye, huyu anayerudisha nguzo zangu tangu Jumatano, na ushahidi ninao: nimeweka unga, nimechomoa waya wa mtandao, nimebeba flashi ndani ya soksi hadi saiba...

Bosi akauliza kwa upole, waya gani wa mtandao?

Hapo nikaketi.

Mutindi hakukasirika. Heri angekasirika! Aliomba kipanya, akabofya nguzo moja, akaificha. Akafunga faili. Akaifungua. Nguzo ikarudi. Akasema hakuna anayezirudisha kwa sababu hazijawahi kuondoka. Programu hii ni ya kutazama tu. Ukificha kitu, umekificha machoni pako, kwenye kompyuta yako, mpaka utakapofungua faili tena. Faili haijabadilika hata chembe. Akasema alikuwa ananieleza hayo Jumatatu, mandazi yalipofika.

Madam Hafso akauliza, sasa hizo nguzo kazi yake ni gani? Mutindi akabofya moja na kusoma: imebeba vyumba vinne vya juu, na vitanda vyake, na tangi la maji. Bila hizo, wageni watashuka harusini wakiwa bado kitandani. Madam Hafso alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya ushungi. Kisha Mutindi akalishusha jicho la modeli hadi kwenye viti, kiti kimoja kimoja, na kuonyesha kwamba jukwaa la bibi harusi likihamia ukuta mrefu, ni viti sita tu vitakavyozibwa. Madam Hafso akasema hivyo sita ni vizuri vibaki, mashemeji fulani ataketisha hapo.

Nilifikiri mambo yameisha. Simu ya bosi ikalia, akaiweka kwa spika. Musau. Akasema salamu sana, shimo la nane limefukiwa na kushindiliwa vizuri kama alivyoagiza Injinia Bartholomew, na sasa afanye nini?

Chumba kizima kilinitazama. Mimi nikaitazama helmeti.

Msimamizi ni Mutindi. Mimi nitayachimba yale manane upya. Kwa mikono hii.

Imeniuma. Naandika ukweli: imeniuma mpaka nimeshindwa na chapati. Mwaitu amepiga mara tatu. Sijashika.

Jumapili, 15 Juni

Mchungaji amenitaja. Mwaitu alinishikia simu hewani ili nisikie. Watu wa Masii walipiga makofi muda mrefu. Baadaye akauliza Jumatatu naanza na kazi gani. Nikamwambia naanza na msingi wenyewe. Huo si uongo.

Jumatatu, 16 Juni

Katelembo. Jua la kupasua mawe. Nimechimba mashimo mawili. Musau amepima yote mawili kwa futi na kulikataa moja, ati limepinda. Jina langu bado liko ukutani kwa chaki.

Mutindi alifika saa nne na helmeti nyeupe, ile ya kweli. Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliniletea maji, akasema niendelee kuvaa yangu kwa sababu ya jua. Saa saba akaketi nami kivulini, akafungua kompyuta yake na kusema leo tuanze mwanzo, dakika kumi tu, programu hii inafanya nini na haifanyi nini. Nilikaribia kulia. Ni dada mzuri, huyu. Nimemkosea na nimemwambia hivyo.

Alikuwa dakika ya pili nikasikia muthokoi wa mahindi na maharagwe umeiva. Nikatoka.

Niliporudi ameitwa na Musau na kompyuta iko wazi. Nikaitazama tu. Kutazama si kosa, ndiyo kazi yake! Na pale juu ya skrini kuna kitufe ambacho sikuwa nimekiona: Uwazi. Nikakibofya kidogo.

Kuta zote zimekuwa kioo!

Jengo zima! Unaona ngazi, unaona vitanda, unaona mpaka bomba la choo! Na nguzo zangu nane zimesimama salama, sijazigusa hata moja, mtu asiseme sijifunzi. Nimemtumia Madam Hafso ujumbe: kuta za kioo kitupu, bila kuongeza hata siku moja ya kazi. Amejibu kwa kuuliza kama ni mimi tena. Nimeichukua hiyo kuwa ndiyo. Kisha nimempigia simu dereva wa lori la mawe, nikamwambia ageuze.

Mutindi anarudi, nafunga daftari. Kesho asubuhi nikikuta kuta zimerudi kuwa mawe, safari hii najua pa kuanzia. Unga umebaki nusu pakiti.