Rozari ya Mukaka Kavuo na Mupangaji wa Nyumba ya Manassé

Sogeeni, enyi mlioketi, nanyi mnaosimama mlangoni mkidai kwamba hamkai! Acheni mchi upumzike ndani ya kinu pamoja na sombe yake ya majani ya muhogo, zimeni redio, mwambieni mtoto anayelia kwamba ataendelea baadaye. Maana leo yanasimuliwa makuu yaliyotendeka Butembo, mji wa vilima na matope mekundu, siku ile Mukaka Kavuo, bibi wa magoti mazito, mlinzi wa fundo, alipoingia vitani juu ya kiti kimoja cha mbao, akapigana akiwa ameketi, wala asiinuke mpaka adui alipopita.

Chanzo cha vita kilikuwa nyumba. Esdras, kitindamimba wake, alikuwa na shamba la kakao upande wa Beni, shamba la kivuli kizuri na udongo mweusi. Bunduki zilipolikaribia akaliuzisha huku analia, akapanda Butembo pamoja na mke wake Ornella na watoto, wakajibana na Mukaka katika chumba cha kupanga ambamo mmoja akigeuka usingizini, wote hugeuka. Pesa yote ya kakao ikafungwa katika ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga Mukaka. Nalo fundo lile halikuwa na ndugu: likifunguliwa kwa nyumba mbaya, hapakuwa na shamba lingine la kuuzisha, wala machozi mengine ya kutosha.

Ndipo akatokea Malachie komisionere, dalali wa nyumba, mfalme wa simu mbili, mwenye viatu vilivyochongoka mbele kama mitumbwi ya Kyavinyonge. Huyu alijua kila nyumba inayotafuta mtu na kila mtu anayetafuta nyumba, naye alionyesha asubuhi tu, jua likiwa limenawa uso. Akawapeleka mama na mwana hadi kwenye mteremko mmoja mrefu, akawasimamisha mbele ya nyumba iliyopakwa chokaa nyeupe, na juu ya chokaa ile, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa kama mbuzi, palikuwa pameandikwa: HII NYUMBA HAIUZISHWE.

"Malachie mwanangu," akauliza Mukaka, "si wameandika haiuzishwe?"

"Ah, Mukaka!" Malachie akacheka mpaka simu zote mbili zikatikisika. "Hiyo ni juu ya bavoleri, bale banaibaka nyumba za batu. Nyumba ya kweli njo banaandika vile, basikuye kuiuzisha mwenyewe akilala. Ukiona nyumba haina ile maandiko, kimbia!"

Esdras akaitika kwa kichwa kama aliyehubiriwa. Ukuta ukanyamaza.

Akawapokea Manassé, mwenye nyumba, bwana wa tabasamu pana, mvaa koti lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Akawatembeza kama mfalme anayeonyesha nchi zake. Hii hapa sakafu ya simenti, laini kama mgongo wa samaki. Hii hapa dari ya mbao za triplex, isiyo na doa hata la inzi. Ule mlango wa mbele, na ule wa nyuma, iliyotazamana kama watu wawili wanaosalimiana. Esdras alitazama dari, akamwona tayari Ornella akipika na watoto wakilala kila mmoja akiunyoosha mguu wake. Mukaka hakutazama dari. Shingo yake haikupenda kwenda juu. Akatazama chini, akaona kwamba kila kiti kilisimama juu ya matofali, kitanda juu ya matofali, kabati juu ya matofali, na gunia la maharagwe lilining'inia kwenye msumari kama mtu aliyehukumiwa.

"Manassé, mbona viti viko juu ya matofali?"

"Ni style, Mukaka. Ni kwa heshima ya bageni."

Wakati huohuo, juu ya mteremko, nyuma ya uzio wa mianzi ulioonekana dirishani, kikachomoza kichwa cha jirani, Mama Hadassa, mwanamke wa sauti isiyohitaji simu.

"Bageni, karibuni! Na mupangaji, mumeisha kusikilizana naye?"

Manassé akakohoa kikohozi kirefu. "Mama Hadassa anachekaka tu. Humu hapana mupangaji."

"Ehe! Hapana mupangaji!" Hadassa akapiga makofi. "Mutu anaingiaka bila hodi, halipake hata franka, munasema hapana?"

"Anafikaka saa ngapi?" akauliza Mukaka.

"Saa nane, saa tisa, vile anapenda. Siku ingine anapita tu. Siku ingine analala."

Hapo moyo wa Mukaka Kavuo ukapiga ngoma za vita. Maana alimjua mtu mmoja wa Mutwanga aliyenunua nyumba na mupangaji ndani yake; naye mupangaji akakataa kutoka, akaleta shangazi zake na mbuzi zake, hata mwenye nyumba akawa anapiga hodi kwake mwenyewe. Akaapa kimoyomoyo: sifungui fundo hili kabla sijamwona huyo mutu kwa macho.

Lakini Malachie alikuwa amekwisha kuinua upanga wake, yaani kalamu. "Bon! Bashahidi biko njiani. Donc tusaini sasa, kabla ya saa sita. Niko na mukiriya mwingine, mununuzi anaingojea hii nyumba, tena wa cash."

"Mama," Esdras akasema, mkono wake ukielekea kwenye kikwembe, "fungua. Tutaikosa."

Mukaka akalifunika fundo kwa viganja vyote viwili, akajitwika sauti ya wahenga, akanena:

"Esdras mwanangu, weye niliyekubeba mugongoni toka Lubero mvua ikinipiga! Na weye Manassé, na weye Malachie wa simu mbili! Miye sijasoma sana, niliachia masomo kwa kuhesabu na kuandika jina. Lakini nyumba bila sala, siinunue. Munipe kiti. Nasali Rozari, kiisha tutaongea."

Manassé alikuwa Mkatoliki. Picha ya Bikira Maria ilitundikwa ukutani kwake, tena juu kabisa. Angesema nini? Akavua kofia. Malachie, aliyekuwa wa kanisa lingine na hakujua Rozari inaishia wapi, akavua viatu ili avipumzishe vidole vyake, akakaa.

Na Mukaka akaanza mafumbo ya furaha, sehemu ya kwanza ya Rozari, akayaendea kama mwanamke anayechagua maharagwe, punje moja, kisha nyingine, na ile mbaya anaitazama kwanza. Kila aliposema "Amina", Malachie aliruka.

"Imeisha?"

"Hapana, baba. Tungali tunafungua mulango."

Wakaja mashahidi wawili, wakakaa, wakala karanga, wakaondoka. Jua likapanda, likakaa katikati, likaanza kuchoka. Mukaka akamaliza furaha, akaingia uchungu. Akatoka uchungu, akapanda utukufu. Na mafumbo yalipokaribia kumpungukia akawaita wafu wa ukoo wake mmoja mmoja kwa majina, pamoja na ugonjwa uliomwua kila mmoja na nani hakufika kwenye matanga. Midomo ikisali, moyo ulikuwa ukishona hotuba ya kumkabili yule mupangaji. Manassé alikuwa anatazama dirishani, na kadiri wingu lilivyonona juu ya vilima, ndivyo tabasamu lake lilivyokonda.

"Mukaka," akasema kwa upole mwingi mno, "si tumalizie sala kanisani? Ni karibu tu."

"Bamalaika bameisha kukaa," akajibu Mukaka. "Tutabasimamisha namna gani?"

Ndipo mbingu zikafunguka. Mvua ikayapiga mabati kama jeshi lenye mawe. Wote wakainua macho wakangojea, na dari ya triplex haikutoa hata tone.

"Munaona!" Manassé akapiga kelele, tabasamu likarudi mbio. "Hata tone moja!"

"Mama, paa ni muzima," Esdras akasema. Mkono wake ukafika kwenye fundo, ukaanza kulilegeza.

Na hapo, kutoka juu ya mteremko, sauti ya Mama Hadassa ikaipasua mvua: "Mupangajiii! Anashuka! Inueni miguu!" Ua la pili likadaka, ua la tatu likadaka, "Mupangaji! Mupangaji!", kelele zikateremka nyumba kwa nyumba kama tarumbeta za walinzi.

Mukaka akalivuta fundo lake, akaugeukia mlango wa nyuma, akainua mkono wenye rozari.

"Ewe mupangaji!" akanguruma. "Ewe usiyelipa, usiyepiga hodi! Ingia, tuongee kama batu!"

Naye akaingia. Akaingia chini ya mlango, wa rangi ya chai ya maziwa, akibeba magunzi ya mahindi na sandale moja ya mtoto. Akaipita sebule moja kwa moja bila kuuliza njia, akaikumbatia miguu ya meza, akatoka kwa mlango wa mbele kama mtu anayejua kwao. Malachie akashtuka akiwa amechelewa: viatu vyake vilivyochongoka viliinuka, vikapangana, vikatoka pamoja, kimoja mbele na kimoja nyuma, kama wavuvi waendao ziwani. Suruali ya Esdras ililowa hadi magotini. Juu ya kiti chake kilichoinuliwa kwa matofali, peke yake katika nyumba ile, Mukaka Kavuo alikuwa mkavu.

"Amina," akasema.

"Ni maji ya kupita tu," Manassé akanong'ona.

"Manassé mwanangu, Hadassa alikosea. Huyu si mupangaji. Huyu njo mwenye nyumba. Ni weye unapanga kwake."

Mvua ilipokoma, Esdras akambeba mama yake mgongoni kuvuka matope mpaka mbele ya ukuta mweupe. Hapo Mukaka akamsimamisha, akazisoma zile herufi nyekundu polepole, akifuata kwa kidole.

"Haiuzishwe," akasema. "Toka asubuhi hakuna aliyesema kweli hapa, ila ukuta. Miye naongeza tu: wala hainunuliwe."

Basi na iandikwe katika habari za mji! Tangu siku ile, mtu wa mteremko ule akienda kutazama nyumba, huenda baada ya chakula cha mchana akiwa na mwavuli; huanza kwa jirani wa juu, ndipo amsalimu mwenye kuuzisha; na hutazama miguu ya viti kabla hajatazama dari. Naye Mukaka Kavuo, mshindi wa mafuriko, mshika rozari, alirudi katika chumba cha kupanga, akaliweka fundo chini ya kichwa, likiwa zima kama lilivyotoka. Akageuka mmoja, wakageuka wote, wakavu.