Pikipiki Inayompitisha Mjukuu Wangu Mlangoni

Kwa Ndugu Mikidadi,
Mwenye Duka la Pikipiki,
Morogoro Mjini.

Mwanangu Mikidadi,

Mimi mzima, mbuzi wazima, mahindi yanasubiri mvua kama sisi sote. Sasa tuingie kwenye ugomvi.

Naitwa Bibi Theresia, nakaa njia ya kupanda Mgeta, nyumba ya mwisho kabla ya kijito. Shule sikuiona. Haya nayasema mimi na katekista Raphael anayaandika, kwa sababu mjukuu wangu Winfrida angeyalainisha. Huyo Winfrida ndiye nesi wa chanjo uliyempa pikipiki mpya aijaribu wiki mbili, ile nyepesi yenye matairi ya meno, ya mtu anayejifunza, inayokwenda lami na porini. Umemwambia aulize maoni ya watu wa njiani, na kwamba Ijumaa ofisi yao ikiridhika itainunua, isiporidhika unaichukua. Mimi ni mtu wa njiani. Sijaridhika, na sababu ni hizi.

1. Haina adabu ya salamu. Jumanne ya wiki iliyopita Winfrida alisema shikamoo akipita kwenye mpera wa mbele ya nyumba yangu. Nilipofungua mdomo niseme marahaba, alikuwa ameshavuka kijito. Marahaba yangu ikamwangukia mbuzi wa jirani yangu Asia, na tangu siku hiyo mbuzi yule ananitazama kama tuna udugu.

2. Haikwami. Pale kijitoni pana tope lililokwamisha magari tangu nikiwa mwali. Gari la misheni limekwama, la bwana shamba limekwama, lori la mboga hukwama kila masika. Ndipo tunapopatia habari, maana mtu anayesukumwa hawezi kukataa kujibu maswali. Kifo cha shemeji yangu wa Gairo nilikisikia pale. Kwamba sabuni imerudi madukani na haina foleni tena, nilisikia pale pale, kwa dereva aliyezama hadi magotini. Pikipiki yako imepita pembeni juu ya mawe, haikuomba hata mkono mmoja. Asia alikuwa amesimama na jembe, tayari kusaidia. Amerudi nyumbani bila habari hata moja.

3. Haipokei kitu. Siku nyingine Winfrida alisimama injini ikinguruma, nikampelekea kiti, akasema, "Bibi, nikiizima itanisumbua kuwaka." Nikaleta maji ya kunywa, akasema barafu ya chanjo itayeyuka. Kwetu mgeni anayekataa kiti na maji amekuja kuvunja undugu.

4. Hili ndilo kubwa. Kabla ya pikipiki Winfrida alipanda kwa miguu, sanduku la chanjo kichwani. Jua likizama alikuwa hapa kwangu, hana pengine pa kufika. Alilala kwangu akipanda, alilala kwangu akishuka. Alikula kisamvu changu, akaweka miguu mapajani mwangu, nikaikanda kwa mafuta ya nyonyo huku ananisimulia nani kachumbiwa kule Mafiga na nani kaachwa. Sasa miguu haimuumi. Mikidadi, umeninyang'anya miguu ya mjukuu wangu.

Na usidhani yataishia hapo. Siku hizi kila kitu ruksa. Leo nesi, kesho katekista (Raphael ameacha kuandika kidogo hapa, nimemwambia aendelee), keshokutwa kila mtu na yake. Milima itakuwa kama uwanja wa mpira, hakuna atakayelala kwa mwenziwe. Nitakufa, watakuja kunizika na kuondoka kabla uji haujachemka, injini hawajazima.

Kwa hiyo naomba uiwekee injini inayochoka, na ichokee mlangoni kwangu. Uifundishe pia kuogopa tope. Kama fundi wako hawezi, ichukue hiyo Ijumaa, na zilizobaki dukani uzirudishe kwenye meli iliyozileta.

Msalimie mkeo, watoto, huyo fundi, na mama yako mzazi. Mwambie mwanawe amenikosea, ila yeye alimlea vizuri, maana kijana ameuliza maoni.

Ni mimi bibi yako, mwenye hasira na wewe na anayekuombea,

Theresia
(dole gumba)

Nyongeza, Alhamisi asubuhi. Barua ilikuwa haijapata mtu wa kuishusha mjini, jana Winfrida akatokea akitoka juu. Saa saba mchana. Akaizima. Akafungua sanduku, akaniwekea mkononi pakiti ya barafu, bado ngumu kama jiwe. Mwaka jana, kwa miguu, barafu ilifika juu ikiwa maji ya uvuguvugu, dawa ikamwagwa, na surua ikaondoka na mtoto wa Martina. Safari hii watoto thelathini wamechanjwa, na mdogo wa yule marehemu ndiye aliyelia kuliko wote.

Nikamwambia basi nenda, jua bado liko juu. Akasema haendi popote, ile siti imemuua kiuno. Miguu mizima, sasa kiuno ndicho kinachouma. Mafuta ni yale yale. Amelala hapa.

Ijumaa usiichukue. Raphael anataka tuandike upya, lakini karatasi imejaa pande zote, kwa hiyo wewe anza kusoma huku chini na huko juu usifike.

Leo amenipakia nyuma hadi kijitoni na kurudi, ili nitoe maoni ya mtu aliyejaribu. Asia alinipa shikamoo tukiwa kwenye mpera. Sikuwahi kumjibu. Marahaba yake nitampelekea jioni, kwa miguu.