Kisanduku cha Mtunza Stoo

Jumatatu, tarehe 4

Nina hasira tangu saa mbili asubuhi. Bosi kaleta mtu wa kompyuta apange stoo yangu. Stoo niliyoishika kichwani miaka thelathini na moja, kila nyundo, kila patasi. Na mtu mwenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada, niliyembeba mgongoni. Kaniamkia vizuri, kisha kabandika karatasi kubwa ukutani akachora visanduku. Kimoja FUNDI. Kingine ZANA. Katikati mstari. Nikamuuliza kama ndicho alichosomea miaka minne. Akasema kompyuta haiijui karakana, lazima kwanza ichorewe mna nini na nini kinahusiana na nini. Si ingekuja kuniuliza mimi.

Nimetafuta kisanduku changu. Hakipo. Asiyechorwa ukutani kesho hana kiti kwenye dirisha la kutolea zana. Sijasoma sana, ila hilo nimelisoma.

Jumanne, tarehe 5

Leo mwisho wa mstari, upande wa ZANA, kachora vidole vitatu. Mguu wa kuku kabisa. Upande wa FUNDI kijistari tu. Maana yake, fundi mmoja aweza kuchukua zana nyingi, lakini zana moja huwa kwa fundi mmoja tu. Nimeelewa hapo hapo. Wenye digrii wangehitaji wiki.

Cheche, yule mchomeleaji asiye na adabu, akaniuliza mzee mbona hujachorwa, au wewe ndiye huyo kuku. Karakana nzima ikacheka.

Nikadai kisanduku. Mpwa akasema, mjomba, wewe ni mtu mmoja, utaingia kwenye orodha ya FUNDI. Mimi. Orodha moja na Cheche.

Jumatano, tarehe 6

Mpwa alipokwenda kunywa chai nikapanda kiti nikafuta vidole viwili. Sasa ni fundi mmoja, zana moja. Cheche akitaka koleo, arudishe nyundo kwanza. Hizo ndizo akili.

Bosi akapita. Nikamwambia zana hupotea kwa sababu watu hubeba nyingi. Akasema iwe hivyo. Mpwa akanivuta pembeni, mjomba fikiri tena, sheria hii itamshika kila aliyemo kwenye orodha. Nikamjibu ikimshika Cheche inanitosha.

Ijumaa, tarehe 8

Kompyuta imewashwa. Cheche kachukua barakoa ya kuchomelea, kompyuta ikamnyima nyundo. Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Kufika saa nne foleni imetoka nje ya mlango, geti la mteja limechomelewa nusu.

Bosi akaja amenuna, akanituma nimletee ngazi haraka. Kompyuta ikakataa. Ati tayari nina zana. Zana gani? Ufunguo wa stoo. Mpwa kauandika kwa jina langu.

Mimi ni mtu wa sheria. Nikafunga stoo, nikarudisha ufunguo mezani, nikaandikiwa ngazi. Ngazi imo ndani ya stoo. Nikageuka kuchukua ufunguo. Cheche alikuwa wa kwanza kwenye foleni, barakoa kesharudisha, mikono mitupu. Kauomba. Kompyuta ikampa. Nikamwambia lete hapa. Akasema zana moja fundi mmoja, mzee wangu, sheria ni yako.

Jumatatu, tarehe 11

Vidole vya kuku vimerudishwa. Ufunguo haukurudishwa. Bosi anasema Cheche akae dirishani, kwake hakuna foleni. Mimi nimepewa benchi la nje, niwaoneshe wageni choo kilipo.

Mpwa alikuja na maneno laini, mjomba usinune, akanichorea kisanduku. Kikubwa kuliko vyote, pembeni kabisa. MTUNZA STOO. Hakina mstari hata mmoja. Cheche akauliza mbona kimekaa kama mgonjwa wa kutengwa. Mjinga hajui kusoma mchoro. FUNDI kafungwa kwa ZANA, ZANA kafungwa kwa FUNDI, kama mbuzi kambani. Mimi sijafungwa na mtu. Wameniogopa.

Mke wangu anauliza nani sasa ana ufunguo. Wanawake hawaelewi mambo ya kompyuta. Kesho namdai mpwa kisanduku cha pili.