Pasipoti ya Mfaume bin Yahya

Meli ilipotia nanga Lindi, Valentini alikuwa na suruali moja, shati moja, na jina ambalo halikuwa lake. Suruali na shati alivipata kwa jasho. Jina alilichomoa chini ya godoro la mtu katika hospitali ya Wafaransa huko Moroni, Ngazija, likiwa limeandikwa vizuri ndani ya pasipoti: Mfaume bin Yahya, mfanyabiashara wa mikeka, mzaliwa wa Kilwa Kivinje.

Hakuwa na ubaya wowote na Kivinje wala na Lindi. Alikuwa akienda zake Dar es Salaam, ambako alisikia watu ni wengi na wenye akili wachache. Lakini Mwingereza alikwisha kuweka sheria yake: kila atokaye ng'ambo lazima ashuke bandari ya kwanza akaguliwe. Valentini akashuka bila wasiwasi. Alikuwa mtoto wa katekista wa milimani, aliyefukuzwa misheni kwa kosa la kuikodisha pikipiki ya padri kwa harusi tatu siku moja, na tangu hapo hakuna meza ya karani iliyompa jasho. Picha ya pasipoti nayo ilikuwa imelowa maji ya chumvi. Kilichobaki ni kofia na sikio moja, na sikio hufanana na sikio.

Karani wa forodha akasoma jina. Akalisoma tena. Akavua miwani.

"Mfaume bin Yahya?"

"Ndiye mimi, bwana."

"Wa Kivinje?"

"Wa Kivinje hasa."

"Lakini wewe umepotea!"

Valentini alikwisha kuitwa majina mengi maishani, mengine mbele ya hakimu, ila hilo la kupotea lilikuwa jipya. Akainamisha kichwa, kwani mjanja asiyeelewa jambo huonekana ana huzuni.

"Miezi kumi na minne!" karani akasema. "Mama yako Bi Mwanaasha amekuja hapa mara tatu. Mara ya mwisho alikaa kwenye benchi lile tangu alfajiri, kila anayeshuka anamwuliza: hujamwona mwanangu? Mwanamke mwenye minazi mia nne, anakaa kwenye benchi kama mkiwa!"

Mguu mmoja wa Valentini ulikuwa umekwisha kugeukia melini. Ukasimama.

"Minazi mia ngapi?" akauliza, kisha akajirekebisha upesi. "Yaani, ile minazi yetu bado ipo?"

"Ipo yote. Nani aiuze, na wewe mrithi hupo?"

Hapo mapenzi ya mama yalimpanda Valentini kwa nguvu ambayo wana wengi wa halali hawajapata kuijua. Akalia. Karani naye akalia, kwa kuwa alikuwa na mama yake mtaa wa Rasbura ambaye hakumtembelea tangu Idi. Lakini alikuwa mtumishi wa serikali, na machozi hayafuti daftari.

"Jina lako liko katika orodha ya waliopotea," akasema akijifuta. "Siwezi kulikata mpaka mama yako akuone na akiri kuwa ndiye wewe." Akamwita askari mmoja, Severini, akamkabidhi pasipoti pamoja na mwenye pasipoti, wakapandishwa lori la Kilwa.

Dereva wa lori alikuwa mtu wa Kivinje, na mdomo wake, kama lori lake, haukuwa na breki. Walipopita Kiswere Valentini alikuwa anajua kwamba baba yake ni marehemu, dada yake anaitwa Kudra, nyumba yao iko nyuma ya soko, na mama yao ni mtu mpole sana. Hilo la mwisho lilimfurahisha kuliko yote. Ndilo peke yake ambalo halikuwa kweli.

Bi Mwanaasha alikuwa uani akigeuza kopra juani. Lori halijasimama sawasawa Valentini akaruka chini, akapiga magoti kwenye makumbi, akamshika miguu.

"Mama! Mama yangu!"

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho yasiyopepesa. Akamtazama. Akamtazama kwa muda mrefu, mpaka kuku mmoja akapita kati yao, akarudi. Kisha akaitazama pasipoti mkononi mwa askari.

"Mama, mtazame vizuri," Severini akasema. "Ndiye?"

"Ndiye."

"Una hakika?"

"Nimesema ndiye. Na hiyo pasipoti nipe mimi, baba. Huyu hupoteza vitu."

Severini akampa, akamtilisha alama ya dole gumba kwenye karatasi, akarudi kwenye lori. Valentini akapelekwa barazani, akawekewa mkeka mpya.

Jikoni Kudra alikuwa amesimama na mwiko hewani. "Mama, umepofuka? Yule si kaka!"

"Nyamaza. Niliyezaa ni mimi. Nakijua nilichozaa."

"Mbona umesema ndiye?"

"Askari hakuuliza ndiye nani. Yule ndiye mtu anayejua mwanangu yuko wapi. Nikisema siye, watamrudisha Lindi wamfunge, awape uongo wa kwanza utakaomjia, na pasipoti iende naye. Mimi nitabaki na nini?"

"Na kama amemwua?"

Bi Mwanaasha akajifunga kanga upya. "Basi nitajua," akasema. "Mpelekee maji ya kuoga."

Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikwisha kujua, na mtaa mzima uliombwa ufunge mdomo. Kufunga mdomo si kazi ndogo kwa watu wa Kivinje, lakini waliifanya, na wakajilipa kwa njia yao.

"Mfaume! Mbona umerefuka?" aliuliza muuza samaki.

"Chakula cha Ngazija, bwana."

"Na lile kovu la shavuni?"

"Wafaransa wana dawa."

"Subhanallah! Wanafuta makovu ya watu, na kuwazidishia urefu!" Muuza samaki akakimbilia nyuma ya nyumba kwenda kucheka.

Chakula kilipoletwa, Valentini alijisahau. Mkono wake, uliolelewa misheni, ulipanda kipajini, ukashuka kifuani, ukaenda bega hili na bega lile. Kudra akauma upindo wa kanga yake.

"Nzi," Valentini akaeleza.

"Wengi mwaka huu," Bi Mwanaasha akasema kwa upole. "Wanne kwa mara moja. Kula, mwanangu."

Siku ya pili Bi Mwanaasha alimkumbusha kwamba kabla ya safari yeye ndiye aliyekuwa mkwezi hodari wa Kivinje. Valentini, mtu wa milimani, aliupanda mnazi wa kwanza kwa kiburi, wa pili kwa sala, na wa tatu walimshusha kwa kamba. Basi akapewa kufua nazi. Siku nane alifua nazi, akapasua, akaanika, na jioni viganja vyake vilikuwa kama vya mpiga makasia. Hakulalamika. Kila nazi aliyoifua aliiona kuwa yake, na hakuna anayefanya kazi kwa moyo kama mwizi anayedhani anajifanyia mwenyewe.

Siku ya tisa akaona wakati umewadia. "Mama," akasema, "kopra imekauka. Niipeleke Lindi nikaiuze, wewe upumzike."

"Ni yako, baba. Shamba lote liko kwa jina lako, tangu marehemu. Lakini boma la hapa nao wana daftari lao, wamekuandika umepotea, na aliyepotea hauzi kitu. Ni lazima ukaeleze ulikuwa wapi, wao wapige simu ya maandishi huko, wajibiwe. Ndipo watakukata kwenye daftari."

Valentini akawaza usiku kucha. Uongo ukipigiwa simu hufa. Lakini Mfaume bin Yahya yuko katika vitabu vya hospitali ya Moroni, kwa jina lake kamili! Mara moja katika maisha yake, ukweli ulikuwa na faida. Akalala akitabasamu.

Asubuhi wakaenda bomani. Karani akachovya kalamu. Bi Mwanaasha akaketi kwenye sakafu, karibu na mlango.

"Nilianguka kwenye ngazi za gati la Moroni, nimebeba mikeka," Valentini akaanza. "Nikavunjika paja. Wakanipeleka hospitali ya Wafaransa, chumba cha wanaume, kitanda cha nne kutoka mlangoni. Daktari ana ndevu nyekundu. Niliandika barua mbili, nikawapa mabaharia, sijui walizitupa wapi."

"Paja lipi, mwanangu?" Bi Mwanaasha akauliza.

"La kulia, mama."

"Liliuma sana?"

"Nililia usiku."

"Ukimlilia nani?"

Valentini alifungua kinywa atoe uongo mzuri, lakini kwa ajabu hakuuhitaji. Alikuwa amekisikia kilio kile kwa masikio yake.

"Nilikuwa nakuita wewe," akasema.

Bi Mwanaasha akajifunika uso kwa kanga. Karani akaacha kuandika. Valentini akatazama vidole vyake, na akaona mahali pale pana joto kupita kiasi.

Siku ya tatu tarishi wa boma akaleta karatasi ya simu. Kudra, aliyesoma shule, akaisoma jikoni kwa sauti ya chini: "Mfaume bin Yahya yupo hapa bado. Mguu umeunga. Hawezi kusafiri, pasipoti yake imeibwa."

"Soma tena pale mwanzo," Bi Mwanaasha akasema. Akasomewa mara nne. Kisha akakaa juu ya gunia, akacheka na kulia vyote pamoja, bila kutoa sauti.

"Wamekubali?" Valentini akauliza kutoka uani.

"Wamekubali, baba! Pakia kopra."

Akapakia magunia thelathini peke yake. Wapagazi aliwafukuza, mali yake mwenyewe, kwa nini amwajiri mtu? Alipomaliza akapanda juu kabisa, akakaa kama liwali, akawapungia mkono watu wa mtaa, nao wakampungia wote, hata wagonjwa walitolewa nje wapunge. Lori likapita soko. Badala ya kushika njia ya Lindi, likapinda kushoto, likaingia lango la boma. Askari wawili walikuwa wanangoja kwenye ngazi, na Bi Mwanaasha kati yao, na pasipoti mkononi.

Valentini alikula kifungo cha miezi sita. Kopra haikukaa gerezani. Iliendelea na safari siku ileile, Kudra akiwa mbele na dereva, na bei yake ikalipa nauli ya kutoka Moroni. Pasipoti ilikwenda kwa meli ndani ya bahasha ya serikali yenye lakiri.

Baada ya miezi miwili Mfaume akashuka Kivinje kwa magongo mawili, mwembamba kama ufito. Jinsi mama yake alivyompokea haisimuliwi. Waliokuwepo walitazama pembeni. Keshoye wakaenda bomani kuonyesha karatasi, na mbele ya boma wafungwa walikuwa wakifyeka majani.

"Valentini!" Mfaume akaita.

Mmoja wa wafungwa akazidi kuinama.

"Unamjua hata kwa jina?" mama yake akauliza.

"Alikuwa mfagiaji wodini, mama. Wiki tano nilipokuwa siwezi kujigeuza, huyu ndiye alikuwa akinilisha uji. Hakutumwa na mtu."

"Akakuibia."

"Akanilisha, kisha akaniibia."

Bi Mwanaasha akamsogelea mfungwa. "Wewe. Siku ya kesi mbona hukulisema hilo?"

Valentini akajiegemeza kwenye fyekeo. "Ningesema, mama, nani angesadiki?"

Hilo lilikuwa kweli, na lilimkera Bi Mwanaasha kuliko uongo wote wa siku kumi na mbili. Akasimama pale, akatafuna midomo. Kisha akaingia bomani, magongo ya Mfaume yakigonga nyuma yake, akakaa ndani muda wa kutosha kumchosha Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyenunua kitu asichokipenda.

"Umepunguziwa mwezi mmoja," akasema. "Huo ni wa uji. Mitano mingine ni ya pasipoti, na utaimaliza."

Valentini akavua kofia ya kifungwa. Safari hii hakulia, wala hakupiga magoti.

"Ahsante. Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bi Mwanaasha akaitikia, akakihamishia kikapu chake mkono wa pili, upande usiokuwa na mfungwa.